Kona Iliyomezwa

Wanafunzi wenzake walimwita Mama Mkwe, kwa kuwa aliwazidi wote umri, na akiingia karakana ya uchoraji utani ulinyamaza. Hakukasirika. Kuna siku jina hilo ndilo lililokuwa salamu pekee aliyopata.

Mwaka wa mwisho kila mmoja alitakiwa aandike tasnifu juu ya picha moja ya zamani, kisha aichore upya kwa mkono wake. Yeye alichagua picha ya mwanamke aliyeketi mezani mbele ya bakuli tupu. Picha yenyewe ilikuwa katika makumbusho ya mji mwingine. Yeye alikuwa na fotokopi tu, nyeusi na nyeupe, kutoka kitabu cha maktaba. Aliibandika ukutani mkabala na meza yake, na kwa miezi saba wakala pamoja, yeye na yule wa pichani. Aliandika kurasa arobaini juu ya upweke wa yule mwanamke. Kwenye turubai aliijaza kona ya nyuma rangi nyeusi, kama ilivyoonekana kwenye fotokopi, tabaka juu ya tabaka. Gauni tu aliliacha, mpaka aione rangi yake kwa macho.

Wiki mbili kabla ya kukabidhi kazi, alisafiri kwenda kuiona. Gauni lilikuwa la kijani. Lakini ile kona haikuwa nyeusi tupu: mle ndani alikaa mwanamume kwenye kigoda, akimenya chungwa, tabasamu likimchezea midomoni.

"Huyu ametoka wapi?" alimuuliza mlinzi.

"Huyo? Yupo siku zote, dada. Wewe ndiye umefika leo."

Aliporudi chuoni, msimamizi wake wa tasnifu alimsikiliza hadi mwisho, akakuna kidevu. Alisema maandishi ni mazuri, muda umekwisha, na jopo la watahini halitafunga safari kwenda kuchungulia kona. "Nani atajua, Mama Mkwe?"

Usiku huo alizisoma upya kurasa zote arobaini. Bakuli lilikuwa la yule mwanamke. Mengine yote, hata ule upweke, yalikuwa yake yeye aliyeandika.

Asubuhi aliwatangulia wenzake karakanani, akachukua kisu na kuanza kukwangua ile nyeusi, polepole, kutoka pembeni. Mwenzake mmoja aliingia, akamuuliza mbona anaharibu kazi iliyokaribia kwisha.

"Nimemsahau mtu," alijibu bila kugeuka.

Mwenzake akacheka kidogo, akaenda kwenye meza yake. Chini ya ile nyeusi palikuwa na turubai tupu. Mama Mkwe alichukua penseli, akaanza na goti la yule mwanamume.