Palizi ya Jirani

Mzee Palizi alikuwa na ugomvi wa maisha na majani. Jina hilo alibandikwa zamani, kijiji kilipokuwa kijiji kweli, si haya mageti yanayoota kwa wingi siku hizi kuliko mahindi. Lakini amlaumu nani? Shamba aliliuza mwenyewe, kipande baada ya kipande, akabaki na nyumba na kijishamba cha maharage nyuma ya jiko. Palipokuwa na mahindi yake sasa pana majirani, na aliyepakana naye ukuta kwa ukuta ni daktari wa meno, binti mpole anayeishi peke yake.

Mwanawe wa pekee hakuacha kumwandama. "Baba, shamba huna tena. Unabaki huko kufanya nini? Wewe na mama njooni mkae kwetu."

Kwao penyewe ni ghorofani, udongo wote umo kwenye vyungu vya maua. Mzee alikuwa na jibu moja tu: "Daktari kaniachia ufunguo wa geti. Nani atamwangalizia nyumba?" Ufunguo huo aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Bila huo, hata yeye asingejua anabakia nini pale.

Basi ikatokea yeye na mkewe wakaenda huko ghorofani kuwasalimia wajukuu. Kurudi, mvua imeshanyesha na daktari amesafiri kikazi. Mzee akafungua geti aangalie kama ni salama, akabaki mdomo wazi. Uwanja mzima ulikuwa ukoka. Ukoka, adui yake wa tangu utoto, umetambaa kuanzia ukutani mpaka barazani bila haya.

Sasa, pale kijijini kulikuwa na jambo lisilohitaji mkutano. Mvua ikinyesha na mwenye shamba hayupo, au anaumwa, au amefiwa, jirani anampalilia. Hangoji kuombwa. Na mwenyewe akirudi anasema asante, basi, yamekwisha. Mzee alipaliliwa hivyo mwaka aliovunjika mguu, na hakusahau.

Mkewe akamwona ananoa jembe. "Mpigie simu kwanza, mzee. Kuuliza si ujinga."

"Nimpigie mtu simu nimwambie kwake kumeota majani? Nimwaibishe?"

Akalima mpaka kiuno kikamkataa. Aling'oa ukoka na mizizi yake, akautupa nje ya geti, akasawazisha udongo vizuri kama anayetandika kitanda cha mgeni. Daktari aliporudi, mzee alikuwa getini kifua mbele, anangoja asante yake.

Daktari akaweka begi chini. "Mzee, majani yangu yako wapi?"

"Nimeyamaliza yote," mzee akasema kwa furaha.

"Niliyapanda yale, mzee. Yaliletwa kwa lori mlipokuwa safarini. Nilikuwa nayangoja tangu nyumba haijaezekwa."

Masikio ya mzee yakawaka moto. Akajaribu kueleza habari ya mvua na jirani asiyekuwepo, maneno yakamtoka shaghalabaghala. Daktari hakugomba, na afadhali angegomba. Alisema tu amechoka, wataongea kesho. Mzee akavua ufunguo shingoni, akauweka juu ya begi, akaenda zake.

"Mwambie mtoto aje atuchukue," alimwambia mkewe. Mama huyo akachukua simu, akampigia.

Ghorofani walipokewa kwa mikono miwili. Wajukuu wakamrukia babu, mkwewe akampikia vizuri, na mzee akapalilia chungu cha maua cha sebuleni mara nyingi hata mkwewe akakificha chooni. Usiku hakulala. Alikuwa anasikiliza mvua na kujiuliza maharage yake yana hali gani.

Mwishowe mwana akawarudisha kijijini kufuata godoro na vyombo vilivyobaki. Mzee hakuingia hata ndani, alipitiliza nyuma ya jiko.

Daktari wa meno alikuwa huko, amechuchumaa, matope mpaka magotini, mikononi glavu zake za kazini zimechanika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari. Kulikoni?"

"Mvua imenyesha na wewe hukuwepo," alisema. "Ulinieleza siku ile, sikukusikiliza. Nimekupalilia."

Mzee akatazama. Magugu yenye maua ya njano yalisimama kwa mistari, yamepaliliwa na kumwagiwa maji. Maharage yake, yaliyokuwa yameanza kubeba, yalilala kando kwenye lundo, mizizi juu.

"Lakini hayo si ndiyo mahara..." mwana alianza. Mzee akamkanyaga mguu.

"Asante, mwanangu," alimwambia daktari. Alitaka kucheka, machozi yakamuwahi. Wenzake wote wa jembe walikwishauza wakahama, na alikuwa ameshakata tamaa ya kupata mtu wa kumpalilia tena hapa duniani.

Daktari akavua glavu, akatoa mfukoni ule ufunguo na kamba yake ya kiatu. Mzee akainamisha kichwa, akavishwa.

"Rudisha godoro ndani," akamwambia mwanawe. "Siwezi kumwacha huyu binti peke yake. Atakufa njaa."

Hapo mkewe akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika ukuta. Daktari akawa anawatazama mmoja mmoja, kisha akalitazama lile lundo, na mkono ukamwendea mdomoni taratibu.

"Usijali," mzee akamwambia. "Na ule ukoka wako niliotupa nje ya geti umeshachipua, adui yule hafi. Kesho tunaurudisha. Ila utanielekeza, mwanangu. Mimi sijawahi kuupanda."