Jina la Sijaona

Sijaona alisimama kwenye dirisha la ofisi ya shirika la misaada, mtaa wa Mutanga Sud, matope ya kambi ya Buterere yamemkaukia mpaka magotini. Mgongoni alimbeba mjukuu wake Houda, wa miezi tisa, ambaye hakuwa akilia tena. Kimya hicho kilimtisha Massoudi, aliyekaa ndani penye kompyuta, kuliko makombora yaliyosikika upande wa Kinanira tangu asubuhi. Vita vilikuwa na miaka kumi, makombora alishayazoea.

"Mara ya tatu hii, baba. Wanasoma liste ya chakula, jina langu apana. Mi niko hapa. Unaniona, si ndiyo?"

"Nakuona, mama."

Massoudi ndiye aliyetunza programu ya kompyuta iliyotoa orodha ya kambi. Kazi ya programu hiyo ilikuwa swali moja: huyu apewe chakula au asipewe? Lakini mkuu wake, Sylvère, alirudi kutoka semina na kijitabu cha kanuni za kuandika programu, akakishika kama msahafu. Kipande cha programu kisizidi mistari kumi. Kila kipande kiwe na faili lake. Basi swali moja likakatwakatwa kuwa mafaili sitini na moja, yanayotumana kama makarani wavivu: nenda kwa yule, yule naye akutume kwa mwenzake. Kulifuata jina moja humo kulimla Massoudi siku mbili.

Alilikuta limekwama kwenye faili la arobaini na nne. Waandikishaji, kila walipokuta hema tupu, waliandika "sijaona" penye nafasi ya jina. Mtu akaamuru: penye neno hilo, futa. Mama huyu alipewa jina hilo na wazazi wake, huko mtaa wa Buyenzi, miaka hamsini iliyopita.

Na amri ile ilinakiliwa kwenye mafaili mengine, hata yeye hakujua mara ngapi. Akaandika upya programu yote, mistari themanini, ukurasa mmoja unaosomeka juu hadi chini. Jina likatoka. Massoudi alipiga meza kwa furaha.

Sylvère hakulitazama jina. Alihesabu mistari.

"Themanini? Hii ni nini?"

"Chef, inafanya kazi. Huyu mama yuko pale dirishani, na mutoto ni mugonjwa."

"Kanuni inasema kumi."

"Kanuni iliwekwa ili mutu aelewe. Ile yetu nani anaielewa? We unaielewa?"

Mkubwa haulizwi hivyo. Sylvère alivua miwani polepole.

"Rudisha ile ya zamani. Hii ikate kumi kumi, commission itaiangalia mwezi wa sita."

"Na chakula cha Jumamosi?"

"Jumamosi liste itatoka kama kawaida."

Ikatoka kama kawaida. Massoudi aliongeza jina kwa kalamu chini kabisa. Kambini wagawaji walikuwa wamekatazwa kusoma mwandiko wa mkono.

Jumatano iliyofuata Sijaona alirudi dirishani. Kitambaa cha kumbebea mtoto alikuwa amejifunga kiunoni.

"Chakula siombi," alisema. "Niandikie Houda. Tumemuzika jana."

Massoudi alijaza fomu ya vifo: jina la marehemu, umri, mlezi. Mlezi: Sijaona. Ripoti ya wiki ikatoka kwenye mashine, kwa programu ile ile ya zamani, Sylvère akaichukua ingali ya moto.

"Buterere, vifo: sifuri," alisoma, akatabasamu. "Umeona, Massoudi? Umeona faida ya kanuni?"

Dirishani, Sijaona aliuliza kama mtoto wamekwisha kumwandika.