Mlinzi Aliyeziba Simu

Simu yetu ilisema ting, mara moja, kama kijiko kilichogusa ukingo wa kikombe, kisha ikanyamaza. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado. Concilie, aliyekuwa amekaa nami sebuleni, akaweka chai yake chini.

"Umesikia, Mama Radjabu? Wameshafika."

"Nani?"

"Wenye kusikiliza simu za watu."

Nikamwambia waya umezeeka kama mimi. Hakucheka. Tangu Jumatatu simu ilikuwa ikilia hivyo kabla ya kupambazuka, na ile simu aliyoingoja haikuingia.

Katika ua wetu hapa Bwiza, nyumba yenye simu ni yetu peke yake. Concilie alikimbia vita kule Carama akapanga chumba nyuma yetu, na binti yake Laure akaishia kambini Tanzania. Laure hufanya kazi usiku kwenye zahanati ya kambi, na muuguzi mmoja, Mungu amjalie, humwachia simu ya ofisi kabla wakubwa hawajaamka. Mara ya mwisho alisema magari ya kurudisha wakimbizi yanakuja, na orodha ya majina inafungwa Alhamisi. Watu walikuwa wamemwambia Carama bado kunawaka moto. "Siandiki jina mpaka mama uende uone, uniambie kwa mdomo wako," alisema. Concilie akaenda, akaona, akarudi na jibu. Sasa ilikuwa Jumatano na jibu lilikuwa bado kifuani mwake.

Nikainua mkono wa simu. Badala ya ule mlio wa kawaida nikasikia makelele, kama maji yaliyomwagikia mafuta ya moto, na mluzi katikati. Nikampa na yeye asikie. Afadhali nisingempa.

"Ndiyo mashine yao iyo," akasema, akajifunga kitenge. "Nikiongea hapa watajua mutoto wangu anapita barabara gani, siku gani. Bora abaki kulekule."

Akatoka. Chai yake hata nusu hakufikisha.

Nikaenda kugonga kwa mwanangu Radjabu. Yeye huuza vipuri vya magari, na kompyuta yake iko chumbani, imeungwa kwenye waya uleule wa simu.

"Radjabu, uko kwenye mtandao?"

"Apana, mama! Tangu Jumatatu naamka mapema kusoma bei tu. Kurasa nilizihifadhi jana, ziko ndani ya mashine. Mi nakujua, nikikamata simu saa hii utanila muzima."

"Basi nani ameikamata?"

"Labda simu yenyewe imeoza."

Akarudia bei zake. Nikasali, nikamwomba Mungu anipe subira, kisha kulipokucha nikamfuata Khaled, anayetengeneza mashine kwenye duka la intaneti karibu na soko. Alikuwa anakula chapati. Akaikunja kwenye gazeti, akanifuata bila kuuliza ni mbali au karibu.

Nilipomwelezea yale makelele akacheka.

"Bibi, iyo si serikali. Iyo ni modemu, kile kidude cha kuunganisha kompyuta na simu. Inaimba vile ikiongea na mwenzake."

"Mbona siisikii? Zamani ilikuwa inaamsha nyumba nzima."

Radjabu akaangalia chini. "Mi nilizima sauti yake. Ulikuwa unashtuka, mama."

Mtoto mwema. Lakini siku hiyo nilitamani kumfinya sikio.

"Ila sikuunganisha kitu," akasema. "Wallahi, sikuunganisha!"

Khaled akakaa mbele ya mashine, akafungua kivinjari, ile programu ya kusomea kurasa za mtandao. Hakuandika hata herufi. Sebuleni, ting.

"Umeona?" akasema Radjabu. "Inajipigia yenyewe! Ina shetani."

"Ina mulinzi. We mwenyewe uliniomba."

Hapo nikakumbuka. Mwaka jana wezi walitengeneza ukurasa unaofanana kabisa na ule wa barua pepe za Radjabu. Akaandika humo neno lake la siri, nao wakawaandikia wateja wake uongo mtupu. Ndipo Khaled akamwekea kiongezo cha ulinzi, programu ndogo ndani ya kivinjari, cha kumkataza asiingie kurasa za namna hiyo.

"Na huyo mulinzi anatafuta nini nje alfajiri yote iyo?" nikauliza.

"Anauliza habari, Bibi. Wale wezi wanajenga kurasa mupya kila siku, za jana wanabomoa. Mulinzi mwenye majina ya kurasa za zamani ni kama amelala. Kwa hiyo kivinjari kikifunguka tu, anakimbia kwa waliomtengeneza kuchukua majina mapya, na kuuliza kama yeye mwenyewe ana marekebisho. Radjabu anasoma bei zake za jana, yeye yuko kazini. Mashine ikiona kuna anayetaka mtandao, inapiga simu, na anayepiga kutoka nje anakuta laini imeshikwa."

"Bila hodi?"

"Bila hodi."

"Na habari zetu anazipeleka?"

Khaled akagonga kifuniko cha mashine kwa kidole. "Huyu anachukua majina, anayalinganisha humu ndani. Wako wengine wanauliza juu ya kila ukurasa unaofungua, na hao wanajua unakopita. Ndiyo maana siwawekei watu ovyo."

"Hao waliomtengeneza hawana mama anayengoja simu?"

"Kwao, Bibi, mtandao una waya wake na simu ina waya wake. Hawakufikiria waya mumoja na ua muzima."

Hawakufikiria! Nilikaa kitandani kwa Radjabu nikapumua. Wanangu hawa wawili walibishana mpaka wakakubaliana: mashine isipige simu tena bila kuuliza, na mlinzi achukue majina yake baada ya alasiri, Radjabu akimruhusu.

Nikaenda kwa Concilie. Hakuamini. Khaled akaniambia nimlete, akairudishia modemu sauti yake, akaiunganisha na kuikata mbele yake, huku simu ikisema ting sebuleni, mpaka Concilie akasema, "Inatosha, nimeelewa, acha kuitesa." Chapati ya Khaled ilikuwa imekauka. Niliipasha moto.

Alhamisi Radjabu hakuigusa mashine. Alikuja kukaa nasi gizani. Simu ikalia, mlio kamili. Concilie akaiangalia kama nyoka, kisha akainua. Sauti ya Laure ilitufikia sote.

"Mama! Kila siku laini ina mutu! Nani anaongea na nani saa iyo?"

"Ni mulinzi."

"Mulinzi gani?"

"Wa Radjabu! Wacha huyo. Sikiliza, mutoto wangu. Nyumba imekosa mabati upande mumoja. Jirani yetu Spéciose ametulimia maharage, na mulango alifunga yeye kwa kufuli yake. Kumetulia. Andika jina."

Tukasikia karatasi ikifunuliwa upande wa pili.

"Umeona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu. Andika leo."

"Naandika, mama."

Concilie alirudisha simu mahali pake, akalia, akajipangusa. Kisha akaosha vikombe vyote, hata cha Radjabu.

"Basi, Mama Radjabu. Sitakusumbua tena alfajiri."

"Nani amekwambia unanisumbua? Kesho kuja."

"Simu haitalia."

"Najua. Kuja vilevile."