Ukaguzi kwa Simu ya Ng'ambo

Mkurugenzi wa ofisi ya vipimo na mizani, wafanyakazi wake walimwita Saa Mbili, ila si mbele yake. Kila siku ikigonga saa mbili kamili asubuhi alikuwa mlangoni na daftari la mahudhurio, na aliyechelewa dakika moja alikuta jina lake limeshapigwa mstari mwekundu. Kwa hiyo ilipokuja barua kwamba ameteuliwa kwenda ng'ambo siku tisa, kwenye semina ya kubana matumizi, ofisi nzima ilishusha pumzi. Fundi mizani aliimba waziwazi.

Katibu muhtasi wake ndiye aliyeshughulikia tiketi, hoteli, hata soksi. Siku ya kuondoka akaingia ofisini kwake na karatasi.

"Bosi, kuna suala la simu. Ukishuka tu kule, laini ya ofisi itajiunga na mtandao wa wenyeji, na hapo bei ni ya kumchuna mtu ngozi. Zima data kabla hujapanda ndege. Ukifika tumia waifai ya hoteli, au nunua laini ya kulekule. Au tununue kifurushi cha safari leo hii, ni hela ndogo tu."

"Mimi nibadilishe laini kama tapeli?" Saa Mbili alikuwa mbele ya kioo, ananyoosha tai. "Waziri akinitafuta je?"

Waziri hakuwahi kumtafuta. Katibu alilijua hilo vizuri, maana kwa miaka sita simu zote zilipitia kwake.

"Basi weka sahihi hapa, kwamba nimekueleza."

Akasaini bila kuiangalia.

Kesho yake, saa mbili kamili, simu ya katibu ikaita. Picha na sauti. Uso wa bosi ulijaa kioo kizima, kifuani fulana ya ndani tu.

"Nizungushe," akaamuru.

Katibu akaanza kumtembeza meza hadi meza, kamshika mkononi kama sinia la chai. Mhasibu akapunga mkono. Fundi akasimama wima.

"Sogeza pale dirishani. Yule ni mtu au ni koti?"

Lilikuwa koti. Mkaguzi wa pampu za mafuta alilitundika kwenye kiti tangu jana yake.

"Ni koti, bosi."

"Mstari mwekundu!"

Ukaguzi ulipokwisha, bosi naye akaonesha ya kwake: bomba la bafuni linalofunguka ukilisogezea mkono tu. Alilifungua mara nne. Wafanyakazi wakalisifia bomba.

"Bosi, hiyo ni waifai ya hoteli?" katibu akauliza.

"Ya hoteli inakwamakwama. Natumia yangu."

Kwa "yangu" alimaanisha ya ofisi.

Ikawa hivyo kila siku. Siku ya nne fundi aligundua kwamba bosi akiwa hewani, kazi husimama. "Hebu tuonyeshe na lifti, mkuu," akamwomba. Wakapandishwa ghorofa kumi na nane, wakateremshwa. Katibu angeweza kuikata ile simu. Kidole kilimwasha kweli. Halafu akakumbuka mstari mwekundu wa ile asubuhi aliyompeleka mama yake kliniki, akatulia. "Na ukumbi wa mikutano, bosi?" akasema. "Hatujauona."

Wiki mbili baada ya bosi kurudi, bili ikafika. Mhasibu aliifungua, akavua miwani, akaivaa tena. Fedha ile ingenunua mizani mpya kwa soko zima.

"Wizi!" Saa Mbili alifoka hadi ngazini. "Kampuni hii nitaikagua mimi mwenyewe!"

"Sisi tunakagua mizani, bosi," fundi akasema kwa upole mwingi.

Ndipo bosi akamgeukia katibu. "Wewe ndiye uliyekuwa unapokea! Utaeleza mbele ya bodi!"

Katibu akaenda, na karatasi yake mkononi. Mwenyekiti wa bodi, muuguzi mstaafu asiyependa maneno mengi, aliisoma mara mbili.

"Sahihi hii ya nani?"

"Yangu, mama," Saa Mbili akasema. "Ila sikusoma."

"Na pale semina mlifundishwa nini?"

Bodi ikaamua akatwe mshahara miezi kumi na minne kulipia bili. Na kwa kuwa semina ilikuwa na sehemu ya pili, safari hii aende katibu, mwenyekiti akasema, maana angalau yeye anasoma.

Akaenda. Alizima data kabla ya kufunga mkanda, akanunua laini kwenye kibanda cha uwanja wa ndege, na alipofika chumbani akampigia mama yake kwa waifai.

"Nimefika salama mama."

"Alhamdulillahi! Haya kata, kata mwanangu, usifilisike!" Mama alipiga kelele kana kwamba sauti ndiyo inayovuka bahari.

"Ni bure, mama. Haikati hata senti."

Mama akashusha sauti.

"Bure kabisa?"

"Kabisa."

"Basi ngoja nimwite shangazi yako. Ana habari ndefu kuhusu goti lake."

Baada ya goti ikaja habari ya binamu na mume wake, kisha ya jirani na ukuta. Katibu alikaa ukingoni mwa kitanda na koti lake mwilini, akiitikia "ee," "kumbe," "pole sana," mpaka betri ikamhurumia.