Nyigu wa Dirisha la Fundi Saa

Haya ni kweli tupu. Nikitia chumvi hata punje moja, mniumbue mbele ya wajukuu zangu.

Nyigu alitua kwenye pembe ya dirisha la chumba changu cha kazi, kiuno chembamba kama uzi, amebeba buibui mkubwa kuliko yeye. Mpwa wangu akaacha kutafuna mkate. Alikuwa na miaka minane. Mama yake, dada yangu, alikuwa amefariki wiki tatu kabla, na begi la mtoto lilikuwa bado limefungwa kando ya mlango, kama la mgeni anayepita tu.

Mke wangu alishambembeleza mpaka akachoka. Mimi sasa nimestaafu saa, uongo bado. Siku ile nilikuwa na vyote viwili. Nikamweleza kwamba nyigu huyu hana kundi, hujenga peke yake kwa matope, chumba kimoja kimoja. Hadi hapo nilikuwa msema kweli. Kisha nikanogewa. Hazai, nikasema, huokota buibui yatima, humfungia ndani, humwimbia ukutani, na wiki zikipita anatoka nyigu kamili, na mabawa yake.

"Mjomba, na kama si kweli?"

"Basi niulize swali moja, lolote. Nitajibu bila kuongeza wala kupunguza."

Asiyenijua angedhani hiyo ni adhabu ndogo.

Siku nne, kila akitoka shule, alikaa dirishani, lenzi yangu jichoni. Ya tano akachukua bisibisi yangu ndogo kuliko zote, akabandua udongo, akaniita. Ndani mlikuwa na buibui kumi na mmoja, hoi, miguu ikichezacheza. Hawajafa, wamedungwa ganzi tu. Juu ya mmoja, funza mweupe alikuwa akila taratibu.

"Hawageuki," alisema. "Wanaliwa. Mtoto wake ni huyu."

Mke wangu, aliyekuwa mlangoni, alisema leo mzee kapatikana. Nikapapasa hadithi nyingine kichwani. Mtoto akavua lenzi.

"Ulinitaka, au hakukuwa na mwingine wa kunichukua?"

"Hakukuwa na mwingine," nikasema. "Na niliogopa. Sikuwahi kumfunga mtoto hata kifungo cha gauni."

"Na sasa?"

Hilo lilikuwa la pili, halimo kwenye makubaliano.

"Sasa ukichelewa kutoka shule, naharibu saa za watu."

Akanikazia macho.

"Ngapi?"

Nikavuta droo, nikamwonyesha.