Gari Lililokula kwa Ndani

Usiku wa kuamkia Jumamosi, Nakijwa, daktari wa meno mjini Moshi, aliota ameingia sebuleni kwake na kulikuta gari la mumewe limekaa mezani. Limejifunga kitambaa kifuani, linakula matairi yake ya nyuma.

"Karibu, dokta," lilisema, bila kuacha kutafuna.

Alikuwa amelala na wasiwasi. Kulipokucha mumewe, Baba Mbonea, angempandisha mama mkwe wake milimani Upare kwa gari hilo, jeusi, la kifahari, ambalo tangu juzi lilikuwa likivuma kwa nyuma. Jirani yao aliusikia mvumo ule akasema, "Hilo linakula tairi." Baba Mbonea aliona ni kijicho. Alimwonyesha mkewe kashata za tairi, yale matuta ya mpira yanayoshika barabara. "Tazama, Mama Mbonea. Kashata zimejaa."

Basi, badala ya kushangaa, Nakijwa aliliuliza gari, "Tamu?"

"Upande wa ndani ni laini," lilisema. "Wa nje siugusi. Ndio anaoutazama mwenyewe."

"Fungua kinywa nione."

Gari likafungua mlango wa nyuma. Humo mna kliniki ya Nakijwa, na kwenye kiti cha wagonjwa yamekaa matairi mawili, la kushoto na la kulia, yakiwa yamepakata sinia la kashata za nazi. Kwa mbele kashata zimepangwa vizuri. Nakijwa anazunguka nyuma ya sinia. Huko kuna makombo tu.

"Mbona hamkumwambia Baba Mbonea?"

"Hakupita huku," linasema la kulia.

"Lakini kwa nini mnaliwa upande mmoja?"

"Tumesimama vibaya," linasema la kushoto. "Vichwa tumeviegemeza ndani kama watetaji. Uzito wote unaangukia ukingo mmoja. Tunataka kunyooshwa."

Hapo kliniki ikawa uwanja wa gwaride. Magurudumu manne yamejipanga mstari, na Baba Mbonea yupo katikati yao, na suti yake ya kanisani. Sauti inatoka kwenye kipaza sauti: "Nyooka." Ya mbele yananyooka. Ya nyuma yanabaki yameinamiana.

"Baba Mbonea, nawe nyooka," Nakijwa anamwambia kwa upole.

"Nimenyooka," anajibu, sikio lake likiwa limegusa bega.

Uwanja ukainuka ukawa barabara ya mlimani, kona juu ya kona, bonde chini. Mama yake Nakijwa amekaa kiti cha nyuma, anatafuna taratibu.

"Mama, unakula nini?"

"Kashata, mwanangu. Nimekuta imebaki moja."

Nakijwa aliinama haraka. Akapenyeza mkono nyuma ya tairi la kulia, akapapasa kama anavyopapasa jino lililooza, hadi kitu kikamchoma kidoleni.

"Hapo hapo, dokta," lilisema tairi.

Akaamka. Kulikuwa kumekucha. Alijifunga kanga akatoka uani mbio. Baba Mbonea alikuwa anapakia mizigo, na mama yake Nakijwa ameshakaa ndani na mkoba magotini.

"Mama, shuka kidogo," alisema. Kisha, akisimama mbali na gari: "Baba Mbonea, hebu pitisha mkono kwenye lile tairi la kulia. Upande wa ndani."

"Tumechelewa, mke wangu."

"Pitisha tu."

Alichuchumaa, akapitisha mkono, akautoa upesi. Akalala chini na shati lake jeupe, akachungulia tairi moja, akachungulia na la pili.

"Waya ziko nje," alisema hatimaye. "Yote mawili." Akamtazama mama mkwe wake, kisha mkewe. "Umejuaje, nawe ulikuwa umelala?"

"Tutakwenda wiki ijayo," alisema Nakijwa. "Peleka gari likanyooshwe. Mama, njoo unywe chai."

Jikoni alifungua bomba anawe mikono. Maji yalitiririka meusi kutoka mikononi mwake, na sabuni ikamwasha kwenye ncha ya kidole, kwenye kitundu kidogo kama cha sindano.