Kidole Gumba cha Msomaji

Mimi ni mchora mabango, au niseme nilikuwa. Kwa miaka ishirini nilichora vichwa vilivyonyolewa kwenye kuta za vinyozi na meno meupe kwenye milango ya madaktari wa meno, mpaka ikaingia mtaani kwetu mashine inayotapika bango zima kwa dakika tatu na haiombi hata chai. Wateja walinihama mmoja mmoja, wakawa wananisalimia kwa adabu kuliko zamani, kama mtu aliyefiwa. Nikabaki na ngazi, makopo ya rangi iliyoganda, na jina la utani ambalo halikuwa na kazi tena: Brashi.

Aliyeniokota ni shangazi yangu, dada yake baba, mpiga chapa mstaafu wa shule. Aliniambia kama sina ukuta nichore kwenye karatasi, na nifike Jumamosi saa nane. Nilidhani ananionea huruma. Kumbe alikuwa anatafuta mtu wa kubeba sanduku.

Sanduku lenyewe ni la bati, na ndilo moyo wa hii habari. Shangazi na wenzake wawili walianza miaka tisa iliyopita kutengeneza vitabu vyao vya katuni, vidogo, vya kukunja karatasi katikati na kubana kwa pini. Walipeleka kwa wachapishaji wakaambiwa hiyo ni michezo ya watoto. Walipeleka kwenye maduka ya vitabu wakaambiwa havina mgongo wa kusimama kwenye rafu. Shangazi hakugombana na mtu. Alikwenda kwa fundi cherehani mmoja, akamwomba chumba cha kukatia vitambaa kwa Jumamosi mchana, kwa ahadi ya kukiacha safi kuliko walivyokikuta. Ahadi hiyo hajaivunja hata wiki moja, na mwenye ufagio mara nyingi ni yeye mwenyewe.

Basi tunafanyia kazi humo, kwenye meza ndefu zenye alama za mkasi, tukiangaliwa na sanamu watatu wa nguo wasio na vichwa. Mwalimu wa hesabu, ambaye huchora katuni za mbuzi wanaobishana, huwaita sanamu hao kamati kuu, kwa sababu wamekaa pale tangu mwanzo na hawajawahi kuamua lolote. Vitabu vikiisha tunavisambaza kwa miguu: kwenye viti vya vinyozi, kwenye mabenchi ya zahanati, kwenye kaunta za maduka ya dawa, popote mtu anaposubiri na hana la kufanya. Mara mbili kwa mwaka tunapanga meza nje ya mlango, wasomaji wanakuja kuchagua na kukaa na waliochora. Hiyo tunaiita Jumamosi ya Meza.

Na kuna sheria moja, ya Shangazi. Hakuna mtu anayebana kitabu chake mwenyewe. Unampa mwenzako, naye lazima akisome mpaka mwisho kabla ya kugusa stepla. Akishasoma anabonyeza kidole gumba kwenye pedi ya wino, ile ile aliyostaafu nayo Shangazi kutoka ofisi ya shule, anaweka alama nyuma ya nakala ya kwanza, na nakala hiyo inaingia sandukuni, haigawiwi. Zamani watu walikuwa wanaweka sahihi. Shangazi alizipiga marufuku baada ya kuona sahihi zinachukua nafasi kuliko katuni. Kidole hakina madaha, alisema. Vidole vyote vinafanana mpaka uvisogelee.

Sandukuni mna vitabu mia moja na kumi na tatu. Kila mtu aliyewahi kuchora kitu katika chumba kile, hata aliyechora mara moja akahama mji, ana uhakika kwamba kuna binadamu mmoja aliyemsoma mpaka mwisho. Mimi nimepigwa na maisha kwa pande zote mbili za kiganja, na nawaambia hicho si kitu kidogo.

Sasa, miaka miwili iliyopita aliingia mwanamke mmoja anayesafisha wodi za hospitali. Tulimwita Dada wa Wodini. Miezi minne hakuonyesha mchoro hata mmoja. Alikunja karatasi za wengine, akapanga, akafagia, akaenda. Nilimtania kwamba kama ametumwa kutupeleleza basi atakuwa anapeleka ripoti fupi sana. Alicheka kwa mabega tu. Kisha Jumamosi moja akatoa kwenye mfuko wa nailoni kurasa kumi na sita, zilizochorwa nyuma ya karatasi za kalenda za zamani, akaziweka mbele ya Shangazi na kurudi kukunja.

Shangazi alizipitia mara mbili. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Hakukuwa na neno hata moja mle, wala kichwa cha habari, wala namba za ukurasa. Ilikuwa ni habari ya mama yake, mfua nguo, tangu alipokuwa msichana mpaka sasa.

Shangazi aliuliza kuhusu namba. Dada wa Wodini akasema hapana, namba zina sura ya shule, na mama yake hajakaa darasani hata siku moja. Chupa za dawa anazitambua kwa rangi ya kifuniko. Barua anazikunjua, anaziangalia, anazikunja, anasubiri mtu arudi nyumbani.

"Vitabu vyetu vyote vya shule vimepita mikononi mwake," alisema, "lakini ni kwa kuvijalidi. Nataka asome kimoja. Mwanzo mpaka mwisho, bila mtu kumwambia hiki ni nini."

Shangazi hakuuliza tena kuhusu namba.

Jumamosi ya Meza ilikuwa wiki moja mbele. Karatasi zikatolewa fotokopi, nakala sitini, na kubana nikapewa mimi.

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo nilipoharibu. Kitabu cha kurasa kumi na sita ni karatasi nne, moja ndani ya nyingine. Unapanga mafungu manne mezani, unatembea kandokando ya meza ukiokota moja moja, unakunja, unabana. Ukikosea mpangilio wa mafungu, hukosei kitabu kimoja, unakosea vyote. Ndiyo maana unasoma kwanza.

Mimi siku hiyo nilikuwa na hadithi. Nilikuwa namsimulia mwalimu wa hesabu jinsi nilivyomchorea daktari wa meno mdomo wenye meno arobaini na akakaa nao miaka sita bila kuhesabu. Katikati ya utamu nikasogeza fungu la pili ili niweke kikombe cha chai, na nilipolirudisha nikalirudisha upande wa pili wa fungu la tatu. Nikaokota, nikakunja, nikabana. Nakala sitini. Shangazi alipita akaniuliza kama nimesoma. Nikatazama ile nakala ya juu, nikaona haina maandishi, nikajiambia kitu kisicho na maneno kinasomwa nini. Nikasema nimesoma. Nikabonyeza kidole kwenye wino, nikakiweka nyuma, kizuri, cha kutosha kunifunga jela.

Wiki ikapita.

Jumamosi ya Meza mama yake alifika mapema kuliko wote. Mwanamke mfupi, mikono mikubwa kuliko mwili, vidole vyeupe kwenye ncha kwa sababu ya sabuni ya miaka. Alisalimia kila mtu, mpaka sanamu mmoja kwa bahati mbaya, na akajicheka mwenyewe. Binti yake alimpa kitabu bila kusema neno, akarudi hatua tatu, akasimama na mikono nyuma kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo.

Mama alikaa. Alifuta viganja kwenye gauni kabla ya kukishika. Mimi nilikuwa nyuma yake napanga viti, na kwa udaku wangu nikachungulia begani kwake. Hapo ndipo nilipokisoma kile kitabu kwa mara ya kwanza.

Ukurasa wa kwanza, msichana na ndoo. Wa pili, kijana anamsaidia kuitua. Kisha, bila posa wala harusi, msichana anajifungua. Anambeba mtoto mgongoni anafua. Kisha ndiyo anaolewa, kavaa gauni jeupe, mtoto hayupo. Nikakumbuka kile kikombe cha chai.

Mama alifunua, akasimama. Akarudi nyuma ukurasa mmoja. Akaenda mbele, akarudi tena. Alikuwa amekunja uso. Binti yake aliona ule uso na mimi nikamwona yeye akiuona. Sijawahi kuona mtu anashuka namna ile akiwa amesimama palepale.

"Basi mama," akasema taratibu. "Nipe nikueleze."

"Niache," mama akasema. "Nasoma."

Akaendelea hadi mwisho, akarudi mwanzo. Kisha akakiweka mapajani akamtazama binti yake.

"Mwanangu, nani amenizalisha kabla sijaolewa?"

Dada wa Wodini hakuelewa. Mama akamfunulia. "Hapa nina mtoto. Hapa ndiyo naolewa. Na huku mbele ni hivyohivyo, nimeshakuwa mjane, kiti cha baba yako kitupu, wewe unakwenda kazini na sare yako. Nikigeuza, baba yako huyu hapa, amelala, anakohoa. Mmemzika na mmemfufua, na hakuna aliyeniambia nipike."

Watu waliokuwa karibu walicheka, na yeye akacheka nao, lakini mikono yake haikungoja kicheko kiishe. Alizing'oa pini zake mbili kwa ukucha, kama anavyong'oa kifungo cha shati kilichoshika uzi mmoja. Alitandaza karatasi nne mezani, akazitazama pande zote mbili, akachukua moja akaipitisha chini ya nyingine, akakunja.

"Hivi," akasema.

Mwalimu wa hesabu alisogea akahesabu kwa kidole. Akasema kimyakimya kwamba ni kweli, karatasi ya pili na ya tatu zimebadilishana. Halafu wote wakanitazama, ila Shangazi. Shangazi alikuwa anatazama sanduku.

"Brashi," akasema. "Ulisoma?"

Nina majibu ya kila aina. Nimewahi kumjibu daktari wa meno mwenye hasira akaondoka akicheka. Siku ile niliweka chini kiti nilichokuwa nimeshika.

"Sikusoma, Shangazi."

Hakunitukana. Alinipa stepla, akaelekeza kwa kidevu lile rundo. Nikakaa kung'oa pini mia na ushee, na kabla sijafika kitabu cha tatu nikaona nimezungukwa. Wasomaji waliokuja kuchagua vitabu walivuta viti. Mama mfua nguo alikaa mwisho wa meza, kila kitabu kinapita kwake, anafunua, anahakikisha ameolewa kwanza, anapitisha. Watu waliokuwa hawajawahi kuona kitabu kinavyozaliwa walikunja karatasi alasiri nzima, na wanne kati yao waliuliza tunakutana siku gani. Nakala moja tu haikurudi: kinyozi mmoja alikuwa ameshaondoka nayo, na mpaka leo anashikilia kwamba hiyo yake ndiyo bora, kwa sababu marehemu anapona.

Rundo lilipoisha, mama alichukua nakala moja safi, akahamia kiti cha pembeni chini ya dirisha, akasoma upya. Hakuna aliyemsogelea. Tulijifanya tunafagia. Alikipitia kitabu polepole, ukurasa kwa ukurasa, na safari hii hakurudi nyuma, ila alisimama sana mahali pamoja.

"Hili beseni," akasema bila kuinua kichwa, "lilikuwa na ufa."

"Tazama vizuri, mama," binti akasema kutoka kwenye ufagio.

Akakisogeza kitabu kwenye mwanga. Ufa ulikuwepo, mwembamba kama unywele, upande wa chini. Aliupitishia ukucha.

Alipofunga ukurasa wa mwisho, Shangazi alikwishatoa ile nakala ya kwanza sandukuni. Nayo ilikuwa imepangwa upya, na nyuma yake kidole changu cha uongo kilikuwa palepale. Niliomba tuibadilishe. Shangazi akasema sanduku halifuti kitu. Akasogeza pedi ya wino mbele ya mama.

Mama aliijua pedi. Alinyoosha kidole gumba kabla ya kuambiwa, kwa mazoea ya mtu aliyewekeshwa alama hiyo maisha yake yote, kwenye kila fomu ambayo mwingine ndiye aliyemsomea. Kidole kikiwa hewani, akauliza hii ni ya nini.

"Ya kusema umekisoma," Shangazi akamjibu.

Kisha akabonyeza, akakiweka kando ya changu, na kukishikilia pale kwa muda mrefu kuliko wino unavyohitaji. Binti yake aliacha ufagio ukaanguka, akatoka nje. Mama akamfuata na kidole chake cheusi.

Tangu hapo anakuja kila Jumamosi, na ndiye msomaji wetu wa kwanza. Maneno anayaruka, anasoma picha. Akipotea, mchoraji anarudi mezani, awe mgeni au mwalimu. Amewarudisha mbuzi wa hesabu mara mbili, akisema wanabishana lakini hawatazamani. Mimi amenirudisha mara tatu kwa kitabu kimoja, kwa sababu fundi wangu anashika nyundo kwa mkono wa kulia ukurasa wa nne na wa kushoto ukurasa wa tano. Nimechora upya. Sasa hivi nakala yangu iko mbele yake, pedi iko wazi, na sanamu watatu wanangoja pamoja nami. Amefika ukurasa wa tano. Ameurudia.